Shauri la Sura ya Nyapara

Siku ya kuniaga, wenzangu wa Ofisi ya Kazi walinipa saa ya mezani, zawadi njema kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Kisha vijana wakaniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukisuluhisha magomvi ya kazini, kwa kuwa wameyasoma majalada ya zamani na kuona yanaeleza kila kitu isipokuwa kilichotokea. Nimekubali. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilinikuta nimeshaacha kukingoja.

Jina langu Mshamu. Kwetu ni Kimbiji, lakini tangu nioe nakaa Kinondoni, na nilihamia huko enzi ambazo mtu wa Kinondoni alikuwa na shamba lake la mihogo na mjini alikwenda kwa haja maalumu. Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Mzungu akisema, nililigeuza neno lake kwa Kiswahili. Mfanyakazi akisema, nililigeuza kwa Kiingereza. Tajiri wa Kihindi mara nyingi hakunihitaji, maana lugha zote mbili alizijua kunishinda. Aliniacha nifasiri ili apate nafasi ya kufikiri.

Niliingia kazini baada ya vita kuu ya pili. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Feruzi, mkalimani mkuu, aliyekuwa amefanya kazi mahakamani miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikasema najua. Akaniuliza kama najua Kiswahili. Nikacheka nikidhani ananitania.

“Mfanyakazi amesema, ‘Bwana, sie tumechoka,’” aliniambia. “Haya, mwambie Mzungu.”

Nikasema kwa Kiingereza kwamba watu hawa wamechoka.

“Basi Mzungu atawaambia wakalale,” alisema Mzee Feruzi. “Hawakusema wana usingizi. Wamesema wamefika mwisho. Kesho kutwa mgomo, na wewe ndiye utakayekuwa umeuleta. Anza upya.”

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Vifaa vya kazi, alinionyesha, ni viti, mtungi wa maji na meza ndefu. Viti viwe vya kimo kimoja. Aliwahi kuona tajiri akikalishwa kwenye kiti cha kuegemea na wafanyakazi kwenye benchi, na usuluhishi ukafa kabla mtu hajafungua kinywa. Maji yawe karibu, si kwa sababu watu wana kiu, bali kwa sababu mtu hawezi kunywa na kutukana kwa wakati mmoja. Mkalimani akae kichwani mwa meza, asiwe wa upande huu wala ule. Na kila neno alifasiri kama lilivyo.

“Tusi usilitie asali,” alikuwa akisema. “Ukilitia asali, aliyelitoa ataona hakusikiwa, na atalirudia kwa sauti kubwa zaidi.”

Jambo la mwisho lilikuwa kicheko. Mkalimani hacheki. Kicheko kikimbana, atazame kitu kisicho na uso, kama mtungi au dirisha, mpaka kimpite. Kwa miaka mingi niliujua ule mtungi wetu kuliko nilivyowajua jamaa zangu wengi.

Bwana wetu mkubwa, ofisa wa kazi, alikuwa Mwingereza ambaye jina lake nitaliacha lipumzike. Watu walimwita Bwana Subira, kwa sababu ndilo neno la Kiswahili alilolipenda, na alilisema hata kwa watu waliokwisha subiri kupita kiasi. Aliamini kwamba ugomvi wote duniani hutokana na watu kutoelewana. Mzee Feruzi, aliyekaa kati ya watu hao, alijua kwamba mwingine hutokana na watu kuelewana vizuri sana, lakini hakuulizwa.

Kwa vijana ambao hawakuuona utaratibu wetu, ulikuwa hivi. Ugomvi ukizuka, Bwana Subira aliwaita watu wa pande mbili, kwanza mbalimbali, kisha pamoja, akatafuta neno ambalo wote wangeweza kulikubali. Huo ndio usuluhishi. Neno lisipopatikana, aliwaandikia wakubwa zake kwamba ameshindwa, na wakubwa wakiridhia waliunda Baraza la Uamuzi. Baraza lilikuwa na mwenyekiti na wazee wawili, mmoja wa upande wa tajiri na mmoja wa upande wa wafanyakazi. Hapo hakuna tena kutafutwa neno. Neno hutolewa, na kila mtu huenda nalo nyumbani apende asipende.

Mashauri mengi hayakufika huko. Nakumbuka kiwanda kimoja cha sabuni, Chang'ombe, ambako wafanyakazi walilalamika kwamba king'ora cha asubuhi hulia mapema na cha jioni huchelewa. Bwana Subira akapata suluhu ambayo wote waliipigia makofi: wafanyakazi wenyewe wamchague mwenzao wa kukipiga. Wakamchagua mzee mmoja mwaminifu kupita wote. Ikawa mzee huyo, kwa jinsi alivyoogopa kuchelewa, alikipiga asubuhi mapema kuliko zamani. Walirudi kwetu kulalamika, na Bwana Subira akawauliza, kwa haki kabisa, wanamshitaki nani.

Lakini shauri ninalotaka kulieleza kwa kirefu lilitoka kwenye karakana ya samani iliyokuwa kando ya njia ya Pugu, upande wa Kiwalani, wakati huo Kiwalani bado ikiwa na minazi mingi kuliko nyumba. Mwenye karakana alikuwa Bwana Hasanali, Mhindi wa madhehebu ya Shia, mtu wa maneno laini, aliyeogopa jambo moja tu chini ya jua, nalo ni kuchelewesha mzigo wa mteja. Maseremala wake wengi walikuwa watu wa kusini, Wamakonde, Wayao na Wamakua, Waislamu kwa Wakristo. Walisali mbalimbali na kula pamoja. Juu yao alikuwapo nyapara, Athumani Kibwana, mtu wa pwani kama mimi, mrefu, mwenye sauti ya kumwita aliye ng'ambo ya mto hata alipozungumza na aliye mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na katika haraka hiyo alijibu maswali kabla hayajamalizika kuulizwa.

Miongoni mwa maseremala alikuwapo Mmakonde mmoja aitwaye Kasto Liponda, Mkristo, mtoto wa Newala. Yeye ndiye aliyechonga maua na majani kwenye vitanda na makabati ya wakubwa. Mzungu mmoja wa Osterbei aliagiza kitanda kikubwa cha mninga, na Kasto akapewa ubao wa kichwani autie mawaridi. Kazi ilipokwisha, nyapara aliugeuza ule ubao mbele ya karakana nzima ili upakwe vanishi mgongoni, upande ambao ungeegemea ukuta na usionekane na mtu mpaka kiama. Huko akakuta sura ya mtu. Macho yamefumbwa, mdomo umeachama mpaka koo linaonekana, na masikio yote mawili yamezibwa kwa vizibo kama vya chupa.

Karakana yote iliiona. Karakana yote ikacheka. Hakuna aliyeuliza ni sura ya nani.

Nyapara alimfukuza Kasto papo hapo. Asubuhi yake maseremala wengine walikaa juu ya mbao zao, na hakuna aliyeshika randa. Kwa kawaida tajiri hupiga simu kwetu mgomo ukishakomaa. Bwana Hasanali alipiga kabla jua halijapanda, na karani aliyepokea simu alisema kwamba katika maneno yote aliyoyasema, lililosikika vizuri ni “kitanda”.

Nilikwenda na Bwana Subira. Tulionyeshwa ule ubao ofisini kwa tajiri, umeegemezwa ukutani, na nyapara amesimama karibu nao, amekasirika, anaeleza kwa sauti kubwa, mdomo wazi. Bwana Subira aliutazama ubao. Akamtazama nyapara. Kisha akageuka, akatazama dirishani kwa muda mrefu. Dirisha lilikuwa moja na alikwisha lichukua yeye, basi mimi nikatazama misumari ya ukutani.

Ugumu wa shauri lenyewe ulikuwa hapa. Nyapara alidai ametukanwa. Lakini ili athibitishe kwamba ametukanwa, ilimpasa atushawishi kwamba yeye ana sura kama ile. Na wafanyakazi, ili wamwokoe mwenzao, iliwapasa waseme kwamba nyapara wao ni mtu wa kupendeza ambaye hawezi kufanana na kitu kama kile. Jambo hilo walilisema kwa furaha ambayo sijaiona tena katika usuluhishi wowote.

Tuliketi palepale ofisini kwa tajiri, wote kwenye mabenchi ya kimo kimoja. Msemaji wao alikuwa karani wa ghala, Yusufu Chitanda, kijana wa Kiyao aliyesoma na aliyependa maneno marefu. “Sie tunamheshimu sana nyapara wetu,” alimwambia Bwana Subira. “Hatuwezi kukubali kwamba mtu mwenye haiba kama yake anafanana na hiki kinyago. Anayesema wanafanana, huyo ndiye anayemtukana.”

Nililifasiri bila asali na bila ndimu. Bwana Subira akajimiminia maji mwenyewe.

Nyapara alisema kila mtu anajua kuwa ni yeye. Yusufu akamwomba, kwa adabu, awaonyeshe wapi panapofanana. Nyapara akaufungua mdomo ili ajibu, na benchi zima likautazama ubao, kisha likamtazama yeye. Akaufunga.

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Bwana Subira alishauri sura ile ipigwe randa, iishe. Bwana Hasanali alikubali kabla sijamaliza kufasiri. Nyapara alikataa, kwa kuwa ushahidi wake ungegeuka kuwa takataka za mbao. Wafanyakazi nao walikataa, kwa kuwa kuifuta ni kukiri kwamba ilikuwa na kosa. Bwana Subira akashauri Kasto aombe radhi bila kusema anaomba radhi kwa nini. Nyapara alitaka kwanza itajwe ni kwa nini. Bwana Hasanali, ambaye mteja wake alikwisha kutuma mtu mara kadhaa kuulizia kitanda, alisema kwamba yeye yuko tayari kukubali kuwa ile sura ni yake, kama itasaidia.

Katika maneno yote hayo Kasto hakusema lolote. Alikaa mwisho wa benchi, kofia yake katikati ya magoti, anatazama mikono yake. Kila Bwana Subira alipomgeukia, Yusufu aliinuka akajibu badala yake, kwa sababu chama chao cha wafanyakazi kilikuwa na kanuni kwamba msemaji ndiye anayesema. Ndivyo ilivyokuwa katika mashauri karibu yote, wala hakuna aliyeona ajabu.

Msidhani ulikuwa mchezo mtupu. Chumba alichokaa Kasto na mkewe na watoto kilikuwa cha karakana, na alipofukuzwa kazi alifukuzwa na chumbani. Wakahamia kwa ndugu wa mke, Mwananyamala, watu wengi chini ya paa dogo. Kila alfajiri mbele ya lango la Bwana Hasanali walijipanga watu wanaotafuta kazi, tayari kushika patasi za wale waliogoma. Na askari walianza kuonekana kwenye kona ya barabara wakiwa hawana shughuli yoyote, jambo ambalo kwa askari ni dalili mbaya. Sheria ya wakati ule iliweza kumpeleka mgomaji jela, na maseremala wale walilijua hilo. Walicheka mbele yetu, lakini niliwaona wakitoka nje wakiwa hawachekani.

Mwishowe Bwana Subira aliandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Aliandika kwa uso wa mtu anayemzika jamaa yake, kwa sababu aliona kwamba angepewa siku chache tu zaidi wangeelewana. Wakubwa wakaridhia shauri liende kwenye Baraza la Uamuzi. Maseremala wakarudi kazini kungoja, Kasto akabaki nje, na kitanda kikabaki kilivyo, kwani sasa kichwa chake kilikuwa mali ya serikali.

Baraza lilikaa Temeke, katika ukumbi mmoja wa mikutano. Tarehe ilisogezwa mbele kwa ombi la Bwana Hasanali, kwa kuwa ya kwanza iliangukia siku za maombolezo ya Muharram, naye siku hizo hafanyi biashara wala ugomvi. Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Mwingereza mpole aliyekuja na mto wake wa kukalia. Mzee wa baraza wa upande wa tajiri alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na wa upande wa wafanyakazi alikuwa mwalimu wa shule, jirani yangu wa Kinondoni. Ubao uliletwa kwa gari la mizigo, ukasimamishwa mbele ya ukumbi sura ikitazama watu. Haukupita muda mwenyekiti akaomba ufunikwe kitambaa cha meza, kwa kuwa kila shahidi alipofungua kinywa watu walikitazama kinyago. Ulipofunikwa, watu wakatazama kitambaa.

Nyapara alitoa ushahidi wake vizuri, nusu ya kwanza. Kisha mfanyabiashara wa nguo akaomba kitambaa kiondolewe na nyapara asimame kando ya ubao. Akamkadiria kama anavyokadiria jora la kitambaa, akamwomba ageuke upande, akaandika neno katika karatasi yake. Nyapara alirudi kitini jasho linamtoka. Nilimhurumia. Kushinda shauri lile kulikuwa kunamgharimu kuliko kushindwa.

Baadaye Yusufu alisimama kumtetea mwenzake. Nakiri kwamba alisema kwa ufundi. Alisema kwamba Kasto ni mchongaji wa maua, na maua anayaweza. Sura za watu hazijui. “Tazameni pua hii, imekwenda upande,” alisema. “Taya ni la ng'ombe. Huyu si nyapara wala si mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Ni mbao iliyochezewa na mtu asiyejua kuchonga sura, basi.”

Mwalimu alitikisa kichwa kuridhia. Bwana Subira, aliyekuwa amekaa nyuma kama mtazamaji, akachangamka. Hata mwenyekiti alianza kukusanya karatasi zake. Shauri lilikuwa limekwisha, na wafanyakazi walikuwa wameshinda.

Ndipo Kasto aliposimama. Yusufu alimvuta shati, Kasto akautoa ule mkono taratibu kama mtu anayeondoa jani.

“Pua haikwenda upande,” alisema. “Ndivyo ilivyo. Ni yeye.”

Nilifasiri. Mwenyekiti alidhani nimekosea, akaniomba nirudie. Nikarudia. Mwenyekiti, labda kwa kuwa hakuwa na la kuuliza zaidi, akauliza swali ambalo ofisi yetu yote ilikuwa haijaliuliza tangu shauri lianze. Alimwuliza Kasto kwa nini alichonga.

Kasto alieleza kwa sauti ndogo, ikanibidi nisogee karibu. Alisema alikuwa na kaka yake mkubwa, aliyemtoa Newala na kumfundisha kushika patasi, akikaa Keko. Wakati wanamalizia kile kitanda, mtu alikuja langoni kumwambia kaka yake amefariki na wanamzika siku hiyohiyo. Akaenda kwa nyapara kuomba ruhusa. Nyapara alikuwa anawafokea watu, kwa kuwa gari la kuchukua kitanda lilikuwa linatarajiwa.

“Nikamwambia nimefiwa,” alisema Kasto. “Akaniambia, ‘Maiti haikimbii. Maliza ubao.’ Nikamaliza ubao. Nilipofika Keko walikuwa wametoka makaburini.” Akanyamaza nifasiri, kisha akaongeza, “Mawaridi ya mbele ni ya mwenye kitanda. Kule nyuma nilichonga nilichokiona siku ile.”

Yalikuwa maneno mepesi kuyageuza kwa Kiingereza. Hakuna hata moja lililokosa mwenzake upande wa pili. Hata hivyo nilitafuta kitu kisicho na uso cha kutazama, na safari hiyo hakikuwa kicheko nilichokuwa nakizuia.

Mwenyekiti alimgeukia nyapara, akamwuliza kama alisema maneno hayo. Yule mtu wa kujibu kabla ya swali kwisha alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia, nikajiandaa kufasiri tena.

“Nilisema,” alijibu. “Nilishika neno ‘ruhusa’ tu. La msiba lilifika masikioni, halikuingia. Gari lilikuwa linakuja.” Akautazama ubao, na hakuna aliyecheka. “Bwana Mkubwa, huyo ni mie.”

Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyarudia tangu siku ya kwanza, nami nilikwisha yafasiri nisikumbuke mara ngapi. Siku ile yalinipa taabu.

Kisha nyapara akaomba Kasto arudishwe kazini. Alisema yeye hana tena ugomvi naye.

Hapo ndipo nilipojifunza sheria. Mwenyekiti alimshukuru, akamweleza kwa huzuni ya kweli kwamba Baraza lilipewa swali moja tu: Kasto Liponda alifukuzwa kwa sababu ya haki, au bila sababu? Sababu iliyodaiwa ni tusi. Aliyetukana amekiri, aliyetukanwa amejitambua, na wote wawili wamesema kweli. Habari ya kusameheana haikuandikwa katika maagizo ya Baraza, na kama pande mbili zilitaka kupatana, mahali pake palikuwa kwenye usuluhishi, ambao kwa bahati mbaya ulikwisha. Bwana Subira, nyuma ya ukumbi, alifunika uso kwa mikono. Yusufu alikuwa amekaa akishika kichwa, kama mtu aliyefunga bao akaona mwenzake anautoa mpira golini kwa mkono na kumrudishia mwamuzi.

Uamuzi ukatoka: Kasto alifukuzwa kwa haki. Pande zote zinashauriwa kuishi kwa amani. Wakubwa wa Bwana Subira walimpongeza kwa shauri lililomalizika bila fujo, na katika taarifa ya idara liliandikwa miongoni mwa yaliyofanikiwa. Nilipomsimulia Mzee Feruzi, ambaye wakati huo alikuwa anaumwa miguu na haji ofisini kila siku, aliniuliza jambo moja tu, kama nilitia asali. Nikasema hapana. Akasema vizuri, akaniomba nimsogezee kahawa.

Kitanda kilimaliziwa haraka. Bwana Hasanali alitaka sura ipigwe randa, lakini nyapara mwenyewe alikataa katakata, na tajiri, aliyekwisha choka na ubao ule, akauacha. Kikapelekwa Osterbei sura ikiwa palepale, imeelekezwa ukutani. Sikusikia kwamba mwenye kitanda alilala vibaya.

Mimi nilitumwa kubandika nakala ya uamuzi kwenye lango la karakana, kama sheria ilivyotaka, ili kila mtu asome kwamba Kasto Liponda si mfanyakazi wa mahali pale. Nilifika asubuhi, wanaotafuta kazi wakiwa wamejipanga kama kawaida yao. Nilipokuwa natafuta pa kupigilia msumari nikamwona Kasto. Alikuwa mwisho wa mstari, kofia mkononi, kama mgeni yeyote aliyeshuka melini jana kutoka Lindi. Nilidhani amekuja kudai vifaa vyake.

Nyapara akatoka kuchagua watu. Alipita mmoja mmoja, akiuliza na kukataa, kwa sauti ileile ya ng'ambo ya mto, mpaka akafika mwisho.

“Unatafuta kazi?”

“Natafuta, bwana.”

“Unajua kazi gani?”

“Useremala.”

“Na kuchonga?”

Kasto alifikiri. “Kidogo,” alisema.

Nyapara akamwonyesha lango. Hakuna sheria iliyomkataza tajiri kuajiri mtu mpya, na kuajiri ilikuwa kazi ya nyapara. Mimi nilikuwa bado napigilia ile karatasi. Kasto akanipita ubavuni, akaniamkia, nikamwitikia, nikaendelea na nyundo yangu. Hakuwa amekwenda mbali nyapara alipomfuata, akasema naye kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

“Kaka yako mlimzika wapi?”

“Chang'ombe.”

“Jumapili nipeleke.”

“Jumapili si siku ya kazi, bwana.”

“Najua.”

Kasto aliigeuza kofia yake mikononi, akaitazama ndani, akaivaa.

“Basi baada ya misa,” alisema.